Kuruka Korongo Bila Dawa

Mchezo wenyewe ulitoka ndani ya belo la mitumba, na hapo ndipo nitaanzia, ingawa mke wangu akinisikia nasimulia husema nianzie pale nilipokosea. Nitafika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni zimejaa madukani, mtu akivaa koti zuri hakuna anayemuuliza kalipata wapi. Hapo Dodoma mjini, mtaa wa nyuma ya soko, kulikuwa na bwana mmoja muuza mitumba, mtoto wa mjini hasa, Mwislamu wa swala tano. Babu yake alikuja na misafara ya kwenda bara, akaugua miguu hapa Ugogoni, akaoa, akabaki. Tulikuwa watani. Akiniona anasema babu zangu walimtoza babu yake hongo ya nguo ndipo wakamruhusu apite, na yeye mpaka leo anauza nguo ili kuzirudisha. Mimi namwambia aendelee kuuza, bado hazijatimia.

Siku hiyo alifungua belo la makoti mazito ya nchi za baridi. Sijui nani alifikiri Dodoma tunayahitaji, ingawa ukweli mwezi wa saba asubuhi kuna upepo unakata masikio, na yote yaliisha. Katikati ya makoti kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu, limebonyea. Ndani yake kitabu cha Kiingereza kilicholowa maji kikakauka, na dadu. Lakini si dadu hizi tunazozijua za nyuso sita. Moja ilikuwa na nyuso ishirini. Nilizihesabu mara tatu, mara ya tatu nikaweka alama kwa mate maana sikuamini.

Wakati huo nilikuwa tarishi katika shirika moja la umma. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, mwaka huo mvua iligoma tukahamisha ng'ombe. Kwa hiyo Kiingereza cha kitabu kile kilikuwa kwangu kama nyayo za kuku. Bwana mitumba naye alisoma chuoni tu, Kurani. Basi nikampelekea mama mmoja wa masijala pale kazini, mwanamke wa Upareni, mtunza mafaili, mtu ambaye akisoma kitu lazima akimalize hata kama ni karatasi iliyofungiwa karanga. Akakaa nacho wiki nzima. Akaja kutuambia ni mchezo ambao hauna ubao wala kete. Mmoja anasimulia nchi ilivyo, nani anakuja, mlima uko wapi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi hiyo, anasema anafanya nini. Jambo likiwa gumu, inatupwa dadu, ndiyo inayoamua: namba kubwa ameweza, ndogo ameshindwa.

Nikamwambia hiyo ni hadithi tu, kwetu tunasimuliana bure. Akasema tofauti ni kwamba hapa msimuliaji hajui mwisho. Hilo lilinishika. Mimi nimesimulia maisha yangu yote na sijawahi kusimulia kitu ambacho sijui mwisho wake.

Tukaanza kucheza Jumamosi mchana, baada ya kazi ya nusu siku, kwenye baraza la bwana mitumba. Yeye ndiye msimuliaji, kwa sababu baraza ni lake na kahawa ni yake. Mama wa masijala akawa malkia mwenye upanga. Mimi nikachagua kuwa mganga, nikifikiri mganga atapata kuku. Wa nne alikuwa opereta.

Opereta ndiye hasa ninayetaka kumweleza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, haoni tangu utotoni. Alisoma pale Buigiri, shule ya wasioona, kisha akafundishwa simu, akaajiriwa kwenye swichibodi ya shirika letu. Zamani zile simu zote za ofisi zilipita mkononi mwa opereta: unanyanyua, unamwambia unamtaka nani, anakuunganisha. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Ukinyanyua simu, kabla hujafungua mdomo anakwambia, "Shikamoo mzee wa stoo." Ukipita kwenye ukumbi umevaa viatu vipya anakuuliza vinabana au vipi. Katika mchezo alichagua kuwa askari asiyeona, anayekimbia na kuruka kuliko mtu yeyote. Karatasi ya askari wake aliiandika kwa nukta nundu, anatoboatoboa karatasi ngumu kwa kile kisindano chao. Bwana mitumba alilalamika: nani atajua kajiandikia nguvu kiasi gani? Opereta akamwambia ajifunze kusoma, kwani shule ziko wazi.

Dadu alizisoma kwa kidole. Sisi tulizitazama, yeye alizipapasa, na hatukuwahi kumkuta amekosea.

Miezi kadhaa tukacheza vizuri. Dadu ilimkubalia, askari wake akaruka mto kwa mruko mmoja, bwana mitumba akakubali. Aliruka ukuta wa boma, akakubali. Mimi mganga wangu aliwasha moto kwa kupuliza na kupoteza njia kila wiki. Ndipo tukafika mahali ambapo kitabu kilisema ni nchi ya kimya, ambako uchawi wote unazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Mganga wangu hapo akawa mzee mwenye mfuko tu, sawasawa na mimi. Mbele yetu korongo, upana hatua arobaini, na nyuma yetu watu wa kutuua.

Opereta akasema askari wake anaruka, akavushe kamba.

"Haruki," akasema bwana mitumba. "Hapa uchawi haufanyi kazi."

"Wangu hana uchawi. Ana miguu."

"Miguu ya nani inaruka hatua arobaini?"

"Yake."

Mama wa masijala akafungua kitabu kutafuta sheria. Kurasa za sehemu ile ndizo zilizogandana kwa maji. Alijaribu kuzibandua kwa kisu, zikatoka kama maganda ya kitunguu, maneno yamebaki nusu upande huu nusu upande ule. Kwa hiyo tukawa hatuna wa kumuuliza. Wenye mchezo wako ng'ambo, wanavaa makoti mengine.

Basi jambo hilo likatukaa. Nilikuwa nabeba barua huku nawaza: mtu akifanya lisilowezekana kwa mwili wake mwenyewe, hilo ni uchawi au si uchawi? Nikifika na barua mahali nasahau ni ya nani. Jumamosi iliyofuata hatukucheza hata kidogo, tulibishana tu. Nilitoa mfano wa mjomba wangu mmoja upande wa Chamwino, mchimba visima. Kiangazi kikali, mchanga wa korongo umekauka mpaka chini, yeye anatembea na fimbo, anasimama, anasema chimbeni hapa, mikono mitatu. Wanachimba, maji. Watu walisema anazungumza na wafu. Walimpa heshima lakini binti zao hawakumpa, alioa mbali. Nilipokuwa mtu mzima alinieleza. Anatazama nyuki wanaelekea wapi alfajiri. Anatazama punda wa watu wamekwangua wapi. Kuna mti mmoja ukiwa bado na majani wakati wenzake wamekwisha pukutisha, mizizi yake iko kwenye unyevu. Nikawauliza wenzangu: huyu tumwite nani?

"Mpaka alipokwambia, alikuwa mchawi," akasema bwana mitumba. "Alipokwambia, akaacha."

"Basi uchawi ulikuwa kwa huyu mzee," opereta akasema, akininyooshea kidole, "haukuwa kwa mjomba wake."

Tukacheka, na mimi nikacheka, lakini niliendelea kulitafuna. Mama wa masijala akaleta lake. Alisema digidigi anaruka mara ngapi urefu wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza mganga wake ni nani. Nchi ile ya kitabuni ina watu wake. Labda kule kuruka korongo ni kama hapa kwetu kutembea na ndoo kichwani bila kuishika, jambo ambalo wazungu wakiliona hutoa kamera.

Bwana mitumba akakataa. Akasema hata babu yake, aliyetembea toka pwani na mzigo begani ambao leo vijana wanne hawaubebi, alikuwa na hirizi.

"Na bila hirizi angeubeba?" mama akauliza.

"Hakuwahi kuivua. Tutajuaje?"

Hapo ndipo opereta alipoweka kikombe chini. Alikiweka taratibu, akapapasa ukingo wa mkeka kwanza. Yeye ni mtu wa mzaha, hatukuwahi kumwona amekasirika.

"Mkiandika leo kwamba anayefanya wasiloweza wengine ni mchawi," akasema, "siku nikiitwa mimi nitajitetea na nini?"

Tukamuuliza kujitetea kwa lipi. Akatueleza. Shirika lilikuwa na mkurugenzi mpya, kaletwa kupunguza wafanyakazi kama walivyopunguzwa kila mahali miaka ile, na kila mtu alijua kuna orodha inaandikwa. Watu wa ofisi wamekwenda kumwambia kwamba opereta ana jini. Jini la sikio, linakaa ndani ya waya, na linasikia mazungumzo hata simu zikiwa zimewekwa chini. Wengine wamekataa kupita mbele ya chumba chake. Mkurugenzi si mtu wa kuamini majini, lakini ni mtu anayeandika orodha ya siri, na hataki sikio la namna hiyo kwenye jengo. Opereta ameitwa kwake, si Jumatatu hii, ile inayofuata. Akiondoka pale, nani atamwajiri mtu asiyeona Dodoma hii? Ana mke, ana watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Bwana mitumba akamlaani aliyezusha. Mama wa masijala akasema watu wa uhasibu hao, anawajua. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe natazama barabarani, lori la mahindi linapita.

Opereta akageuza uso upande wangu. "Mzee," akasema, "umeacha kupumua."

Sasa nimefika pale mke wangu anapopataka. Aliyezusha ni mimi. Sikuzusha kwa ubaya, na hiyo haisaidii. Kwenye jiko la chai, pale tunapokaa matarishi na madereva, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa hadithi, na siku moja nikamsifu opereta. Nilisema alivyonitambua kwa kikohozi. Wakafurahi. Kesho yake nikaongeza chumvi, nikaweka jini, kwa sababu hadithi bila jini chai inapoa. Siku ya tatu jini likawa linakaa kwenye waya. Kwetu kijijini mtu ukimwambia ana jini la sikio amesifiwa, anaongezewa pombe. Nilisahau kwamba ofisini hakuna pombe. Kuna orodha.

Nikawaambia yote hayo pale barazani. Bwana mitumba, ambaye hakosi neno, akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa.

"Ulinisifu," opereta akasema mwishowe.

"Nilikusifu, mwanangu. Na nilikuzushia."

"Ungeniuliza kwanza. Ningekwambia navyofanya. Pengine ingekuwa hadithi nzuri zaidi."

Nikamwambia anifundishe basi. Alifikiri natania. Lakini nilikuwa nimemkumbuka mjomba wangu na punda zake, na lile neno la bwana mitumba kwamba aliponiambia akaacha kuwa mchawi. Nikaona kama jambo likiweza kuingia kwenye kichwa kama changu, kichwa cha darasa la nne lisilokwisha, hakuna atakayeliita jini.

Wiki nzima saa ya chakula nilikaa naye kwenye swichibodi, macho nimefunga kwa kanga ya mke wangu. Akaniwekea simu sikioni, akaomba watu wake wachache wanyanyue bila kusema. Mwanzoni nilisikia shshsh tu, kama mchele unamwagwa. Akasema, usisikilize mtu, sikiliza chumba. Stoo kuna feni inakwaruza kila zungusho la tatu. Kwa mhasibu kuna saa ya ukutani. Stesheni wakipiga, kuna mwangwi wa paa refu. Kisha ndipo usikilize mtu: nani anapumulia pua, nani anavuta kiti kabla hajasema, nani ananyanyua simu halafu anaisogeza mbali kidogo kwa sababu anaiogopa. Nilishangaa sana. Nimefanya kazi kwenye jengo lile miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba lina sauti. Siku ya tatu nilipata stoo. Nilipiga kofi kama mtoto. Siku ya tano nilikuwa napata watatu katika watano, na opereta akasema nisijivune, wa Buigiri wa mwaka wa kwanza angenishinda.

Jumatatu ilipofika niliingia kwa mkurugenzi pamoja naye, bila kuitwa. Nikasalimia, nikasema habari ya jini ni yangu, nimeitunga jikoni, na kama kuna wa kuandikwa jina niandikwe mimi. Nikasema pia kwamba anayoyafanya huyu yanafundishika, nami nimefundishwa, nijaribiwe.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno machache. Akatutazama, akamtazama na katibu wake. Kisha akainuka, tukaenda wote kwenye swichibodi. Akamtuma katibu azunguke, simu zipigwe kutoka vyumba vitatu, watu wasiseme neno. Opereta akakaa pembeni kwenye benchi. Mimi nikakaa kwenye kiti chake, jasho linanitoka.

Ya kwanza nikasema stoo. Ilikuwa stoo. Ya pili nikasikiliza, nikasikia ukimya mzito wa karatasi nyingi, nikasema masijala. Ya tatu pua ilikuwa imeziba kwa mafua, nikasema huyu ni katibu wako mwenyewe, anapiga kutoka mezani kwake. Katibu akarudi. Ya kwanza na ya tatu ni kweli. Ya pili haikuwa masijala, ilikuwa karakana.

Niliona nimemmaliza kijana wa watu.

Mkurugenzi akamgeukia opereta. "Wewe ulisikia?"

"Simu alishika mzee. Lakini wa karakana apige tena, uchukue mwenyewe, mkurugenzi. Masijala hakuna ndege. Karakana wana shomoro kwenye dari."

Akapiga tena. Mkurugenzi akaweka simu sikioni. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa kimeinama, tai imelala juu ya swichibodi. "Nasikia ndege," akasema, kwa sauti ya mtu asiyezungumza na yeyote. Kisha akamuuliza opereta na simu za nje, za Dar es Salaam, zinajulikanaje. Wakazungumza hapo mpaka katibu akaja kumkumbusha kwamba ana mgeni.

Habari ya jini haikutajwa tena. Orodha ilipotoka, opereta hakuwamo. Mimi niliingia kwenye ya baadaye, na sikuona ajabu. Ilikuwa imeletwa mashine ya faksi, barua zinakwenda zenyewe bila miguu. Lakini hiyo ni habari nyingine, na mashine nayo siku hizi nani anaiulizia.

Jumamosi tulirudi barazani, na korongo lilikuwa palepale likitusubiri. Bwana mitumba alikuwa amelala na jambo hili wiki mbili. Akasema amefikiri hivi: mganga wa huyu Mgogo hutaja maneno yake na moto unawaka, hautupiwi dadu. Lakini askari hata alipovuka mto na ukuta alitupa dadu kwanza, na angeweza kukosa. Anayeweza kukosa, akasema, na aruke. Mama wa masijala akamuuliza ile habari ya hirizi ya babu yake imeishia wapi. Akasema babu aachwe apumzike.

Mimi sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika kabisa. Maana ukisema kinachofundishika si uchawi, niambie: siku ile alijuaje nimeacha kupumua, hatua nne kutoka kwake, lori la mahindi linapita? Nilimuuliza. Alinifundisha mara mbili, kwa subira. Nilikaa barazani na kufunga macho mpaka watu wakanipa pole. Sijaweza, na hiyo sijui niiweke kapu gani.

Opereta akachukua ile dadu ya nyuso ishirini. Aliitikisa katikati ya viganja vyake muda mrefu, akaiachia juu ya mkeka. Ikabingirika, ikagonga kikombe cha mama, ikatulia. Tuliiona sote. Tukamwachia aisome. Akainama, akaitafuta, akaipapasa kwa kidole cha shahada, akarudia kuipapasa.

"Tatu," akasema. "Ameanguka."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na mpita njia mmoja mwenye baiskeli akasimama kutazama tumepewa nini. Bwana mitumba alikuwa amehuzunika kweli, alisema dadu haikutua vizuri, irudiwe. Opereta akakataa. Akasema hapana, huyu ameanguka vizuri, kwa miguu yake mwenyewe, mwacheni huko chini.

Akatoa karatasi nyingine ngumu kwenye mfuko na kisindano chake, akaanza kutoboa mtu mpya.

"Na huyo naye anaruka?" bwana mitumba akauliza.

"Atajaribu," akasema, bila kuacha kutoboa.